Mashine ya Kupunguza Maganda Iliyonirudishia Mume

Bi. Ardis Sletten,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Willow Bench, Montana.
Januari 22

Kwa Mhariri,
Jarida la Klabu ya Bunduki ya Willow Bench.

Ndugu Mhariri,

KUH: MASHINE YA UMEME ULIYOISIFU, NA MUME WANGU ALIYEKO JIKONI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kahawa yako ikiwa moto na theluji ikiwa imeondolewa mlangoni pako. Sisi huku ni wazima. Norval ni mzima mno, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si mwanachama wa klabu yenu. Jarida lenu huja kwa jina la mume wangu, nami hulisoma akishamaliza, kwa kuwa ni karatasi na imo ndani ya nyumba yangu. Katika toleo la Novemba uliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu mashine ya umeme ya kupunguza maganda ya risasi. Ulisema kerezo la mkono limepitwa na wakati, na kwamba mashine hii, nanukuu, "humrudishia mwindaji majira yake yote ya baridi." Ndugu Mhariri, ulipoandika maneno hayo, ulifikiri huyo mwindaji na majira yake watakwenda kukaa wapi?

Wewe unayajua mambo haya, lakini mama mchungaji naye hulisoma jarida lenu akingoja kutengenezwa nywele, kwa hiyo acha nieleze kidogo. Mwindaji wa huku hatupi ganda la risasi. Akishapiga huliokota, hulisafisha, hulitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, akalitumia tena. Shida ni kwamba ganda ni la shaba, na shaba kila ikipigwa hutanuka, hivyo ganda hurefuka kidogo kidogo. Likizidi kipimo, mdomo wake hubanwa ndani ya bunduki, nguvu ya baruti hukosa pa kwenda, na mwenye bunduki anaweza kupoteza jicho. Ndiyo maana maganda hupunguzwa. Hilo silipingi. Nampenda Norval akiwa na macho mawili.

Ninachokipinga nimekipanga kwa namba, ili usiseme baadaye kwamba hukuelewa.

1. La kwanza ni muda. Kwa miaka arobaini na minne Norval amepunguza maganda yake kwa kerezo la mkono, kile chuma kidogo chenye mpini wa kuzungusha, alichokifunga kwenye meza ya chumba cha chini ya nyumba. Kiangazi kizima hupiga shabaha klabuni kwenu, na baadaye huwinda kulungu wakubwa wa milimani. Msimu wa kulungu hufungwa Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani. Jumatatu yake, saa tatu asubuhi kamili, hushuka chini na kikombe chake. Hutia ganda kwenye kishikio, hukaza, huzungusha mara kumi na mbili, hulitoa, husugua mdomo wake ndani na nje, hulipima kwa kalipa, kile chuma chenye taya mbili cha kupimia urefu na unene, hulitazama, kisha hulipima tena asije akawa amelionea. Wapo wanaomaliza maganda mia kwa saa. Norval humaliza arobaini kwa siku, na sijawahi kumlaumu hata mara moja. Kazi hiyo humfikisha Pasaka.

Mashine uliyoisifu ilifika hapa Desemba tatu. Desemba sita Norval alipanda ngazi, akanawa mikono, akaketi kwenye kiti changu, akasema, "Yamekwisha yote, mama. Sasa tunafanya nini?" Nilimuuliza hao "sisi" ni akina nani.

2. La pili ni jiko. Nilipika katika shule ya hapa miaka ishirini na tisa. Nimelisha nusu ya klabu yenu, nawe ukiwemo, na nakumbuka vizuri ulivyokuwa ukificha karoti mfukoni. Katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyeingia jikoni kwangu na kalipa. Wiki ile ya kabla ya Krismasi nilikuwa napika lefse, chapati zetu za viazi, Norval akasimama nyuma yangu na kile chuma chake mkononi. Akapima moja. Akapima ya pili. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, sikulaumu, lakini hizi mbili hazifanani. Hii imezidi ishirini." Alimaanisha ishirini katika elfu moja ya inchi. Nikamwambia tumbo halina kalipa. Akafikiri kidogo, akasema, "Ndiyo maana haliaminiki."

Tangu siku hiyo karoti zote za nyumba hii zina urefu mmoja. Viazi vinapangwa kwa uzito. Fahali wawili hawakai zizi moja, Ndugu Mhariri, na jiko langu ni dogo kuliko zizi.

3. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa beleshi la theluji. Alitoka saa tatu. Saa tano alikuwa amerudi, mashavu mekundu, amefungua njia hadi barabarani, hadi kwenye sanduku la barua, hadi bandani, na nyingine ambayo sikuiomba, robo maili nzima, hadi kwa jirani yetu Clayton Ruud. Kingo zake alizinyoosha kwa kamba. Niseme haki, ni njia nzuri, na watu wamesimamisha magari kuitazama. Ubaya ni kwamba njia ikishafunguliwa, hupitika kutoka pande zote mbili.

4. Clayton alipita kesho yake, akiwa na debe la maganda chini ya kila kwapa. Naye alikuwa ameisoma makala yako, ila yeye ni mtu wa kuazima. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wa ng'ambo ya daraja, nao na madebe yao. Mashine ilipandishwa kutoka chini ikawekwa juu ya meza yangu ya jikoni, kwa sababu, walisema, huku juu mwanga ni mzuri. "Shemeji, sisi hatukai," Clayton akaniambia huku anavua viatu. Mashine ilimaliza maganda yao yote kwa dakika hamsini. Wao wenyewe waliondoka saa kumi na moja, giza linaingia.

Naomba hili ulitafakari kama msomi. Zamani mwanamume akija kupunguza maganda alikuwa na mpini wa kuzungusha, na hesabu ya kumi na mbili kichwani, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na staha. Mashine imechukua kazi na kuacha midomo. Siku hiyo walizungumza juu ya kulungu waliowakosa, ambao kwa hesabu yangu sasa ni wengi kuliko waliopo milimani. Chenga za shaba zimeingia kwenye unga, kwenye mito ya viti na kwenye manyoya ya paka. Clayton aliuma mkate wangu wa mdalasini, akatafuna polepole, akasema, "Shemeji, hii ya leo ina madini." Kisha akaomba mwingine. Sasa wanakuja kila Jumanne na Alhamisi.

5. Norval anapiga mluzi.

6. Jumatano ni siku ya akina mama wa kanisa kushona mablanketi ya viraka kwa ajili ya wahitaji. Wiki mbili zilizopita barabara ilikuwa barafu tupu, Norval akasema atanipeleka na kunisubiri ndani ya gari. Baridi ilikuwa ishirini chini ya sifuri. Sikuweza kumwacha mume wangu agande mbele ya kanisa, ingawa nilifikiria. Aliingia. Baada ya nusu saa alikuwa ameshika mkasi. Baada ya saa moja kila kiraka juu ya meza kilikuwa sawa na mwenzake hadi uzi wa mwisho. Bernadine Opdahl, msimamizi wetu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kusifu pembe za viraka vyangu, alikinyanyua kimoja dirishani akasema, "Norval, mikono yako imebarikiwa." Halafu akanigeukia mimi. "Ardis, mwenzetu, mbona ulikuwa unamficha huko chini?"

Wenzangu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Norval ndiye mkataji rasmi sasa, na ameombwa aje pia Jumamosi. Mimi nimepewa kupanga pini.

7. Hili la saba halichekeshi, kwa hiyo nitalisema haraka. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nililea watoto wanne na kupikia watoto mia mbili wa watu wengine. Nilipostaafu nilipata muda wa saa tatu kila asubuhi, tangu saa tatu hadi saa sita, na ni zangu peke yangu. Sifanyi lolote kubwa ndani yake. Nakanda unga, nasikiliza redio, nazungumza na nafsi yangu na inanijibu vizuri. Nampenda Norval, na asitokee mtu wa kusema vinginevyo. Nimempenda miaka arobaini na minne kukiwa na sakafu kati yetu, na sakafu hiyo imetutunza. Nazijua ndoa za hapa hapa zilizovunjika kwa kukosa chumba cha chini.

Ninachokidai ni saa zangu tatu. Juzi aliniuliza kwa nini natia chumvi kabla ya siagi, nami nikafungua mdomo kumjibu neno ambalo halijawahi kusemwa katika nyumba hii. Nililimeza. Neno la namna hiyo likishatoka halirudi, na naogopa siku moja sitawahi kulimeza.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, kwa heshima, nikianza na dogo.

(a) Nirudishiwe kerezo la mkono. Norval alilitoa kwa klabu wiki ya Krismasi ili liuzwe kwenye mnada wenu wa Machi. Najua liko kwenye rafu ya stoo yenu. Lirudishwe, nalo limrudishe yeye chini.

(b) Toleo la Februari lichapishe masahihisho, kwa herufi kubwa kama zile za sifa, kwamba majira ya baridi yalikuwa mahali pake na hayakupaswa kurudishwa kwa mtu yeyote.

(c) Ikiwa (a) haiwezekani, wanachama wapige risasi zaidi. Shaba hairefuki kwa kutazamwa. Nimekadiria kwamba kwa kasi ya mashine ile, Norval anahitaji maganda elfu tatu yaliyopigwa kila wiki ili asipande kabla ya saa sita. Mko wanachama arobaini na wawili. Ni kama sabini kila mmoja, theluji iwepo isiwepo. Ujirani una gharama zake.

(d) Klabu iandikie idara ya wanyamapori ya jimbo iongeze msimu wa kulungu hadi Pasaka. Kulungu wenyewe hawajaleta pingamizi lolote la maandishi.

(e) Ipitishwe sheria kwamba kila mashine ya umeme ya kupunguza maganda iwe na mpini ubavuni, na isiwake kwa ganda lolote mpaka mpini uzungushwe mara kumi na mbili. Wataalamu watasema basi umeme wa nini. Hapo ndipo watakuwa wameanza kunielewa.

(f) Kama yote haya yatashindikana, mchukueni Norval. Ana afya njema, hachagui chakula, na mkeo atapenda anavyokata karoti. Namleta mwenyewe, njia ni safi.

Nakushukuru kwa kuisoma barua hii hadi hapa, jambo ambalo shuleni hukuwa na subira nalo. Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie mama yako, umwambie sahani yake ya bluu ninayo na sijaisahau. Wasalimie wanachama wote mmoja mmoja, hata Clayton Ruud, iwapo utafanikiwa kumkuta kwake. Mama mchungaji nitamsalimia mwenyewe Jumapili, na nitajua usoni pake kama ameshaisoma.

Ni mimi, ninayetafuta amani jikoni mwangu,

Ardis Sletten (Bi.)

Nyongeza, siku hiyo hiyo, mchana.

Gaylen, mwanangu, maana sasa sikuiti Mhariri tena, naandika haya mgongoni mwa ukurasa wa mwisho. Ningeichana barua yote, lakini lazima ujue ni nani aliyechukua kerezo.

Asubuhi nilikuja klabuni kukupa bahasha mkononi. Hukuwepo, ila mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kerezo lilikuwa kwenye rafu ya pili na karatasi ya mnada shingoni. Nimelichukua. Usiite polisi, maana huyo naye nilimlisha.

Norval alikuwa jikoni anapika supu ya njegere. Nilizunguka nyuma nikaingia chumba cha chini kwa mlango wa nje, asinisikie. Nilitaka kulifunga kerezo mezani na kulijaribu kwanza, kwani si vizuri kumrudishia mtu kitu kibovu. Nikahitaji ganda la kujaribia. Nikainua turubai chini ya meza yake, nikakuta debe limejaa maganda. Nyuma yake kulikuwa na la pili, na la tatu, na la nne. Juu ya lile la kwanza kuna karatasi ya mwandiko wake, imeandikwa neno moja, "Bado." Ipo kalipa ya akiba ukutani. Nilipima maganda kumi kutoka kila debe, nayo yote yamezidi kipimo. Hakuna hata moja lililoguswa.

Na mimi aliniambia yamekwisha yote.

Nimekaa kwenye kigoda chake nusu saa nzima nikiyatazama. Kwa mkono, hii ni kazi ya kumfikisha Pasaka na kumvusha. Kwa hiyo mashine yako haikumtoa huku, Gaylen, na wewe huna kosa lolote isipokuwa zile karoti. Alikuwa na kila sababu ya kubaki chini, akaifunika kwa turubai, akaligawa na kerezo lake asije akaombwa arudi. Alipanda kwa sababu alitaka kukaa na mimi. Alitafuta jambo la kusema, akakuta anajua kupima tu, basi akapima. Nami nimemwandikia mashtaka ya kurasa nne. Nimelia kidogo, na sioni aibu kukuambia.

Ombi (a) limetimia kama nilivyoeleza. Mengine yote yafute, hasa (f). Kuhusu saa zangu tatu nitazungumza naye mwenyewe kwa maneno mazuri, huenda tukagawana, maana huku chini kuna utulivu mwingi kuliko ninaouhitaji. Barua usiichape.

Sasa hivi ameniita kutoka juu ya ngazi, "Mama, unafanya nini huko?" Nimemwambia natafuta chupa za jamu. "Basi njoo, supu inapoa. Nimekuwekea kiti chako."

Napanda. Kerezo nitalirudisha kwenye rafu yenu Jumamosi nikija kumchukua kanisani. Ukikutana naye kabla ya hapo, usimwambie lolote. Madebe nimeyafunika kama nilivyoyakuta.